Doa la unyevu ukutani linarudi kila siku? Maswali na majibu

Swali: Mwanangu anakohoa usiku tu, mchana yuko poa kabisa. Nyumba inaweza kuwa ndo chanzo?

Jibu: Inaweza, ila mpeleke kwanza hospitali apimwe maana kikohozi cha usiku kina sababu nyingi. Ukirudi, vuta kitanda chake uangalie ukuta wa nyuma. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na fangasi za ndani ya nyumba mwaka 2009, na humo wanaeleza kwamba wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu wanasumbuliwa zaidi na pumu, kikohozi, kifua kubana na maambukizi ya njia ya hewa. Fangasi zinarusha vijimbegu hewani ambavyo huvioni, na utitiri wa vumbi nao unapenda sana godoro lenye unyevu. Chumba kikinuka kama nguo iliyokunjwa mbichi usisubiri doa, anza kutafuta.

Swali: Nimeshapaka rangi mara mbili, doa linarudi palepale. Nitumie rangi gani?

Jibu: Hakuna rangi itakayokusaidia jamani, tafuta maji. Doa lenyewe linakuambia yanatoka wapi ukilisoma vizuri. Kama limeanzia chini likapanda, mara nyingi halizidi mita 1, na juu yake kuna unga mweupe wa chumvi, hapo tofali zinanyonya maji ya ardhini, toka nje uone kama udongo au zege limerundikwa kwenye ukuta. Kama liko darini na linatanuka mvua ikinyesha, ni paa, lakini usizibe pale juu ya doa tu. Kwangu doa lilikuwa juu ya mlango wa chumba, nikapanda darini na tochi nikafuata mstari mweusi kwenye mbao, tobo la msumari nikalikuta karibu na ukingo wa paa, hatua kama sita kutoka kwenye doa. Maji yanatembea kwenye mbao kabla hayajadondoka.

Doa lisilojali mvua wala jua, shuku bomba. Funga koki zote, piga picha mita ya maji, msitumie maji kwa muda wa saa mbili halafu angalia tena, kama namba zimesogea kuna sehemu panavuja. Bafuni angalia nyufa kwenye grauti katikati ya tailizi, na ukuta wa upande wa pili.

Swali: Hakuna bomba, paa ni zima, ila nyuma ya kabati kumeota weusi. Imekuaje?

Jibu: Huo ni mvuke wenu wenyewe, wa kupika, kuoga, kuanika nguo ndani, hata kupumua. Unagusa ukuta wa baridi usiopitiwa na hewa unageuka maji. Kuhakikisha, kausha kipande cha ukuta, bandika nailoni ukizibe kingo zote na selotepu, acha siku moja au mbili. Matone yakiwa juu ya nailoni, upande wa chumbani, ni mvuke, fungua madirisha na usogeze kabati liache nafasi ya kupitisha hewa. Yakiwa chini yake, unyevu unatoka ndani ya ukuta.

Swali: Nikishajua chanzo, nasafishaje?

Jibu: Rekebisha chanzo kwanza. Eneo dogo, chini ya mita 1 ya mraba hivi, unaweza mwenyewe kwa maji na sabuni, vaa glovu, miwani na barakoa ya N95 (ile inayochuja chembe ndogo za hewani), na usisugue pakavu maana utarusha vijimbegu vyote hewani. Tafadhali sana usichanganye klorini na dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia, gesi yake inaumiza mapafu vibaya. Mwenye pumu asisafishe yeye, na mtoto alale chumba kingine mpaka pakauke. Na siku bomba likipasuka, kausha kila kitu ndani ya saa 24 hadi 48, fangasi zisipate muda wa kuota.