Kitabu kisichofunguliwa ndicho kinachoharibika

Wiki iliyopita niliwekewa mezani vitabu viwili vya mtu mmoja. Cha kwanza ni kamusi aliyoitumia miaka mingi: pembe zimelainika, kingo za kurasa zimeingia weusi wa vidole, mgongo umepasuka katikati. Cha pili alipewa zawadi, na jalada lake bado linang'aa. Hakukisoma kupita kurasa za mwanzo. Nilipokifungua, unga laini ulimwagika mezani, na kurasa zaidi ya 30 zilikuwa zimetobolewa tundu moja jembamba, kana kwamba mtu amepitisha sindano ya moto. Buu la mbawakawa lilikuwa limekula njia yake humo ndani, taratibu, bila kusumbuliwa na mtu.

Kamusi niliipa mgongo mpya ikarudi kazini. Kile kingine nilikisafisha na kuziba matundu, lakini maneno yaliyoliwa hayarudi.

Kazi yangu ni kukarabati vitabu, na hali hii nimeikuta mara nyingi mno. Kitabu kinachosomwa huchakaa; kinachoachwa rafuni huangamia. Kuchakaa tunakuweza. Ndiyo maana mtu akiniuliza avitunzeje vitabu vyake, na mwingine akiniuliza apate wapi muda wa kusoma, nawajibu wote wawili kitu kimoja: chagua siku moja ya wiki, ushushe vitabu vya rafu moja.

Wadudu wa vitabu wanapenda giza, unyevunyevu na utulivu. Yupo yule mdogo wa rangi ya fedha, asiye na mabawa, anayeteleza kama samaki ukiinua kitabu; huyo hufuata uwanga ulio kwenye gundi na kuparuza uso wa karatasi. Mende naye hutafuna kitambaa cha jalada. Ukungu hauhitaji hata mdomo: hewa ikikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 65 kwa muda, mbegu zake ambazo zimo kwenye vumbi siku zote huanza kuota. Hawa wote huhitaji muda wa kuachwa peke yao. Kitabu kinachoshikwa, kikapigwa na hewa na kutazamwa, huwanyima huo muda.

Mimi hufanya hivi. Sivuti kitabu kwa kukwangua ncha ya juu ya mgongo, maana hapo ndipo panapochanika kwanza, na migongo mingi inayonijia imechanika hapo hapo. Nasukuma ndani kidogo vitabu vya kulia na kushoto, kisha nakishika ninachokitaka katikati ya mwili wake. Nakibana kifungike kabisa ili vumbi lisizame kati ya kurasa, halafu napitisha brashi laini, kavu, kwenye ukingo wa juu, kuanzia mgongoni kuelekea nje. Nafungua jalada la mbele na la nyuma nione maungio yakoje. Napitisha kidole gumba kwenye kurasa na kunusa; harufu ya ukungu hutangulia madoa. Rafu naifuta kwa kitambaa kikavu, na navirudisha vitabu vikiwa wima, si kwa kubanana hata kimoja kisitoke, wala kwa kulegea vikaegemeana na kupinda. Kati ya vitabu na ukuta naacha nafasi ya vidole viwili hewa ipite.

Na mikono? Iwe safi na mikavu, inatosha. Glavu nyeupe za pamba watu wengi huziona kama alama ya heshima, lakini kwa karatasi kuukuu huwa nazikataa: zinaondoa hisia za vidole, na ndivyo ukurasa unavyochanwa.

Katika kushusha vitabu hivyo ndimo nilimorudia kusoma. Kilipita kipindi kirefu nikivishika vitabu kutwa nzima bila kukimaliza hata kimoja, na kiliniuma. Jioni moja, brashi ikiwa mkononi, nilisoma ukurasa mmoja wa kitabu nilichokuwa nakifuta, nikageuza wa pili, nikaketi chini pale pale sakafuni. Tangu siku hiyo nimeacha kuutafuta muda wa kusoma. Nimeupachika kwenye jambo ambalo tayari nalifanya.

Hesabu yake ni nyepesi. Mtu mzima anayesoma kimyakimya kwa lugha aliyoizoea husoma takriban maneno 240 kwa dakika. Dakika 20 kwa siku ni maneno 4,800. Riwaya ya maneno 80,000 inaisha kwa siku 17. Haba na haba, lakini kibaba kinajaa upesi kuliko tunavyodhani. Kinachotushinda ni kuanza: kitabu kiko chumba kingine, hukumbuki uliishia wapi, na simu iko karibu zaidi. Basi kitabu unachokisoma kisikae kabatini kabisa. Kiweke pale unapoketi. Alamisho iwe kipande cha karatasi nyembamba; kalamu huvunja mgongo, na ukurasa uliokunjwa ncha huja kukatika kwenye mkunjo huo. Simu ilale chumba kingine. Na kitabu ambacho hakikushiki baada ya kukipa nafasi ya haki, mpe mwenzako. Usikiweke kwa ajili ya aibu ya kutokimaliza, kwa sababu kitabu cha namna hiyo hutakigusa tena, na nimeshasema nani atakigusa.

Watu huniletea pia vitabu vilivyogeuka njano na kuvunjika kama majani makavu, wakidhani wamevitumia vibaya. Mara nyingi kosa ni la karatasi yenyewe. Mwaka 1807 Mjerumani Moritz Friedrich Illig alieleza njia ya kuifanya karatasi isinyonye wino kwa kutumia ulimbo na shabu. Njia hiyo ilienea viwandani, na katika karne ya 19 karatasi ikaanza kutengenezwa kwa miti badala ya vitambaa vikuukuu. Shabu huzaa asidi, asidi hukata nyuzi za selulosi ambazo ndizo mwili wa karatasi, na lignini, kile kinachoshikanisha nyuzi ndani ya mti, hubadilika rangi ikipigwa na mwanga na hewa. Nyumbani huwezi kuiondoa asidi hiyo. Unaweza kuichelewesha: mbali na jua, mbali na joto, mbali na ukuta wenye unyevu. Vitabu vipya vingine vina alama ya ukomo, ile inayofanana na nane iliyolala, ndani ya duara. Maana yake karatasi inakidhi kiwango cha kimataifa cha ISO 9706 cha mwaka 1994, na imekusudiwa kudumu.

Naomba jambo moja kwa moyo wote: usiweke selotepu. Gundi yake huingia ndani ya karatasi, ikageuka kahawia, plastiki ikabanduka na doa likabaki. Kuitoa kwenye ukurasa mmoja kunaweza kunichukua saa nzima. Ukurasa ukichanika, uweke bapa, ufunge kitabu, uache hivyo mpaka apatikane fundi. Sisi huziba kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya uwanga wa ngano, kwa sababu siku yoyote maji kidogo yataiachisha bila kudhuru kitu.

Kitabu kikilowa, saa zinahesabika, maana ukungu waweza kuanza ndani ya siku 2 au 3. Kisimamishe kikiwa kimefunguka kidogo, washa feni isiyokielekea moja kwa moja, usikianike juani. Kama ni vingi kuliko uwezo wako, vifunge kwenye mifuko uviweke kwenye friza. Kugandisha kunasimamisha kila kitu hadi upate msaada. Tone linalovuja juu ya rafu huonwa na anayeifikia rafu hiyo kila wiki.

Mwenye vitabu vile viwili alikuja kuvichukua jana. Kamusi aliitia kwenye mkoba wake kama kawaida. Kile cha zawadi alikishika kwa mikono miwili, akaniuliza akifika nyumbani akiweke rafu ipi. Nilimwambia akiweke kando ya kiti anachokalia jioni. Alikifungua pale pale mlangoni, kwenye ukurasa wa kwanza wenye tundu, akaanza kusoma akiwa amesimama.