Bure Isiyomaliza Bando: Nyenzo za Kusomea Nyumbani Tulizosambaza Moshi Shule Zilipofungwa

Mimi ni mkutubi wa shule ya sekondari mjini Moshi. Waziri Mkuu alipotangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya korona tarehe 17 Machi 2020, wanafunzi wetu wa bweni walirudi makwao Kibosho, Marangu na mbali zaidi, na vitabu vikabaki rafuni bila wa kuviazima. Kidato cha sita walirejea darasani tarehe 1 Juni. Madarasa mengine yalisubiri hadi tarehe 29 ya mwezi huohuo.

Juma la kwanza nilikosea. Nilituma kwenye kundi la wazazi la WhatsApp viungo vingi vya tovuti za bure, vingi vikiwa vya video, na mama mmoja akanipigia simu kutoka Kibosho: "Mwalimu, bando la wiki limekwisha kabla mtoto hajamaliza somo la pili." Tovuti ile haikumdai hata shilingi moja, lakini kuifikia kulimla fedha ya sukari. Tangu siku hiyo nikawa naiuliza kila nyenzo maswali mawili: je, inapakuliwa mara moja ikatumika siku zote bila intaneti, na je, wenyewe wanaruhusu inakiliwe kutoka simu moja hadi nyingine?

Kwa watoto wadogo, jibu lilipatikana African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, ambao una hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Hadithi zimepangwa kwa ngazi, kuanzia maneno ya kwanza, kisha sentensi za kwanza, hadi aya ndefu, kwa hiyo mzazi hahitaji ualimu ili ajue mwanawe aanzie wapi. Nyingi zina leseni huria, maana yake mtu yeyote anaweza kuzipakua, kuzichapa, kuzigawa, hata kuzitafsiri, mradi awataje waliozitunga. Mkutubi aliyezoea kukataza watu kutoa nakala za kitabu kizima hupumua anapoisoma leseni ya namna hiyo.

Nyenzo niliyoipenda kuliko zote ni PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka uliotangulia. Hizi ni maabara ndogo za kwenye skrini. Katika ile ya umeme mwanafunzi huunganisha betri, waya, balbu na swichi kwa kidole, akaona balbu ikiwaka, akaongeza betri ya pili na kuona mwanga ukizidi, akapima volti na mkondo kwa vipimo vilevile anavyovikuta maabara ya shule. Uzuri wake kwetu ni kwamba kila jaribio la toleo jipya hupakuliwa kama faili moja, nalo hufunguka kwenye kivinjari cha simu au kompyuta hata pasipo mtandao. Baadhi yamekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili, ingawa kwa sekondari, ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza, niliwapa yote mawili, kwa sababu kijana anayeielewa dhana kwa lugha yake hukubali kwa urahisi istilahi ya mtihani.

Kwa marejeo tulitumia Kiwix, programu inayofungua Wikipedia nzima, pamoja na ile ya Kiswahili, kutoka kwenye faili iliyohifadhiwa ndani ya simu. Ukichukua toleo lisilo na picha, faili hupungua sana ukubwa, na memori kadi ya kawaida huitosha. Mahali penye kompyuta mpakato moja na watoto kadhaa, programu ya Kolibri inafaa zaidi: kompyuta hiyo hubeba masomo na mazoezi, na simu za jirani huyapata kwa Wi-Fi ya palepale.

Watahiniwa niliwaelekeza kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), na hapa nasisitiza, maana wengi huishia kwenye mitihani iliyopita. Pale pale kuna taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo hueleza swali kwa swali waliofanya vibaya walikosea wapi, na kuweka sampuli za majibu mazuri na mabaya. Sijui kitabu cha mazoezi kinachomsaidia mwanafunzi anayejisomea peke yake kuliko taarifa hizo. Vitabu vya kiada vinasomwa kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), na kwa burudani yenye hesabu na nyimbo ndani yake, Ubongo Kids ya Dar es Salaam ipo kwenye televisheni tangu mwaka 2014. Mwenye televisheni hana haja ya kuchoma bando.

Zilibaki nyumba zenye simu ya kitochi tu. Kwa hizo tulichapa hadithi na maswali pande zote mbili za karatasi kwenye steshenari, tukazikunja kuwa vijitabu, na kuandika jina la mwanafunzi na la kituo juu ya bahasha. Makondakta wa Haisi za Marangu walizipokea asubuhi stendi, na jioni walinirudishia bahasha za juma lililopita, majibu yakiwa yameandikwa kwa penseli pembezoni.