Anayekukaba saa tisa usiku si jirani yako

Dhana: Kukabwa usingizini ni kazi ya mchawi, na dawa yake ni kukesha

Hii ndiyo inayoletwa kliniki kuliko zote, na karibu kila mara inaletwa ikiwa imechelewa. Mgonjwa ameshahama chumba, ameshamnunia mama wa nyumba ya pili, ameshamlipa mganga, amekesha usiku mfululizo, na bado anakabwa. Tena sasa anakabwa zaidi ya mwanzo, na kinachomzidishia ni huko kukesha.

Usingizi huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi, minne hadi sita kwa usiku mmoja. Kila mzunguko huishia kwenye usingizi wa ndoto, ule ambao madaktari huuita REM. Hapo ubongo unachemka karibu sawa na wa mtu aliye macho, na shina la ubongo linapeleka amri kwenye uti wa mgongo kulegeza misuli ya mikono, miguu, shingo na mbavu. Amri hiyo ni ulinzi: bila hiyo, anayeota anakimbia angeruka kitandani kweli. Misuli inayoachwa huru ni ya macho pamoja na kiwambo kilicho chini ya mapafu, ndicho kinachoendelea kuvuta hewa.

Kukabwa ni fahamu kurudi kabla amri haijaondolewa. Unaona dari, unaona neti, unasikia feni, lakini hata kidole hakiinuki. Ukitaka kuvuta pumzi ndefu, misuli ya mbavu haiitiki, kwa hiyo unahisi umekaliwa kifuani. Ndoto nayo haijakatika, na sehemu ya ubongo inayosimamia hofu imewaka, hivyo kanzu iliyotundikwa mlangoni inakuwa mtu amesimama. Hewa inaingia muda wote huo. Sekunde chache, au dakika chache kwa walio wengi, kisha mwili unafunguka wenyewe.

Kwa nini saa tisa usiku, saa ambayo watu wanasema wachawi wanapita? Kwa aliyelala saa tano, REM ya mzunguko wa kwanza ni dakika 5 hadi 10 tu. Za alfajiri zinaweza kufika nusu saa na zaidi. Kuanzia saa tisa ndipo REM inapojaa, na nafasi ya kuzindukia katikati yake inakuwa kubwa. Mlinzi aliyetoka zamu akalala saa nne asubuhi hukabwa mchana kweupe, wakati jirani anayetuhumiwa yuko Kariakoo anauza vitenge.

Sasa kuhusu kukesha. Anayenyimwa usingizi, akija kuupata, ubongo wake huweza kurukia REM mapema kuliko kawaida, na mpaka kati ya kuota na kuwa macho unakuwa mwembamba. Mwaka 1992 watafiti wa Japani waliwaamsha watu usiku, wakawakalisha macho kwa muda, kisha wakawaacha walale tena. Baadhi yao wakakabwa pale pale maabara, nyaya za kipimo zikiwa kichwani. Hakuna aliyewaroga. Kumbukeni pia hofu ya Popobawa, pepo aliyedaiwa kuwavamia watu usiku, ya mwaka 1995, iliyoanzia Pemba, ikatanda Unguja na kufika mpaka huku Dar. Familia nzima zilitoka kulala nje na kukaa macho zikilindana. Mtu aliyekesha kwa hofu usiku kadhaa, alfajiri akapitiwa na usingizi amelala chali, amekusanya karibu kila kichocheo cha kukabwa tunachokijua.

Anayetaka kuomba aombe, imani haigombani na tiba hii hata kidogo. Aombe saa tatu, saa nne na nusu awe kitandani. Ila anayemwagiza mgonjwa wa aina hii asilale siku saba anamwongezea ugonjwa, na hilo tunaomba viongozi wa dini walisikie.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2011 yalikuta karibu watu 8 kati ya 100 wamewahi kukabwa angalau mara moja maishani. Kwa wanafunzi ilikuwa karibu 28 kati ya 100. Wanafunzi wana wachawi wengi kuliko watu wengine? Wana mitihani, na hawalali.

Basi fanya hivi. Amka saa ile ile kila siku, Jumapili ikiwemo. Saa ya kuamka ina nguvu kuliko saa ya kulala. Fikisha saa saba za usingizi. Mchana usilale zaidi ya dakika 20. Acha kulala chali, kwa sababu ndiyo hali inayoongoza kwa kukabwa: lala ubavu, na kama unajigeuza usingizini, tia mpira mdogo kwenye soksi, uishone mgongoni mwa fulana ya kulalia. Ushauri huu watu huucheka mpaka waujaribu. Pombe ya usiku nayo iache, kwani huibana REM mwanzoni mwa usiku, kisha inarudi kwa fujo alfajiri.

Ikishakukamata, usipambane kuinuka. Usitafute pumzi ndefu. Toa hewa taratibu, iache iingie yenyewe. Peleka nia yote kwenye ncha ya kidole cha mguu, au zungusha macho kushoto na kulia. Ukifunguka, usirudi kulala hapo hapo, maana unarudi palepale ulipotoka. Kaa, washa taa, kunywa maji, ngoja dakika 5 hadi 10. Unayelala naye mwambie mapema: akikusikia unaguna, akushike bega na kukuita jina. Mara nyingi hilo linatosha.

Wa kuja hospitali ni anayekabwa kila wiki, anayekoroma na kukatika pumzi, anayesinzia mchana hata akiwa anaongea, na ambaye magoti humlegea akicheka. Huyo wa mwisho asiendeshe bodaboda wala gari mpaka aonwe.

Dhana: Ukiota unakula, umelishwa

Angalia ulikula nini na saa ngapi. Chipsi na mishkaki saa nne usiku, saa nne na nusu umelala: asidi inapanda kooni, unazinduka na ladha mdomoni na tumbo limejaa, na kwa kuwa umezinduka katikati ya ndoto, unaikumbuka. Kula muda wa saa tatu kabla ya kulala, inua upande wa kichwani wa kitanda kwa sentimita 15 hivi kwa matofali, uone kama atakuja mtu kukulisha.

Dhana: Mimi sioti kabisa

Karibu kila mtu anaota. Watafiti Aserinsky na Kleitman waliieleza REM mwaka 1953 huko Chicago, na tangu hapo imeonekana kwamba anayeamshwa ndani yake husimulia ndoto takriban mara 8 kati ya 10. Wewe unasahau tu, hasa unaposhtuliwa na alamu na kukimbilia basi la mwendokasi.

Dhana: Niliota msiba na msiba ukaja, kwa hiyo ndoto zangu hutabiri

Vipindi vinne vya REM kwa usiku ni vipindi 1,460 kwa mwaka. Kama mna mgonjwa nyumbani, mtamwota mara nyingi, kwa sababu ndiye mnayemuwaza. Ndoto zilizokosea hakuna anayezihesabu. Ziandike zote kwa miezi mitatu, zikiwa na tarehe, kabla jambo lolote halijatokea, kisha ndiyo tuzungumze.

Dhana: Jini mahaba

Katika REM damu huongezeka sehemu za siri, kwa wanaume na kwa wanawake, hata ndoto ikiwa ya kuvuna mihogo. Ndoto ya kufanya mapenzi haimaanishi umeolewa na mtu usiyemwona, na haiwezi kuzuia mimba. Mliokaa mwaka mzima bila kupata mtoto, nendeni mkapimwe nyote wawili.

Dhana: Mzee anapigana usingizini, kapandwa na jini

Hapa tunaomba haraka. Mtu aliyevuka miaka 50 anayepiga ngumi na mateke kulingana na anachoota, ile amri ya kulegeza misuli imeanza kushindwa kazi. Hali hii ilielezwa rasmi mwaka 1986, na inajulikana kutangulia ugonjwa wa Parkinson (ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili), wakati mwingine kwa miaka mingi. Mtoeni mkewe kitanda hicho kwa sasa, ondoeni meza, vioo na panga chumbani, tandikeni godoro la pili sakafuni, mrekodini kwa simu, na mleteni kwa daktari wa mishipa ya fahamu pamoja na dawa zote anazotumia, kwani baadhi ya dawa za sonona huweza kuleta hali hiyo hiyo. Dawa asiache mwenyewe kabla ya kuonwa.