Ruzuku za nyumba na wakaguzi wake: yanayosemwa mtaani na yaliyomo kwenye majalada

Ripoti ya ukaguzi wa msaada wa nyumba ikitoka, maswali ya watu huwa yale yale: nani kala, kala ngapi, na mbona hajafungwa? Mkaguzi wa udhibiti wa ndani ana swali lake tofauti. Anataka kujua kama ndani ya ofisi ile yupo mtu mmoja anayeweza kuanzisha jambo, kuliidhinisha, kulilipia na kuliingiza vitabuni bila mwenzake kutia jicho. Akiwepo mtu huyo, hoja, yaani kasoro ya kuandikwa kwenye ripoti, imeshapatikana, hata kama hajaiba senti.

Nachukua mfano wa Marekani. Kumbukumbu za huko ziko wazi kwa umma, na Waswahili wengi, hasa waliotoka Kongo kama wakimbizi, wanakutana na mfumo huu kila siku. Msaada mkubwa wa kodi ya nyumba huko ni vocha ambayo watu huiita Section 8, kutokana na kifungu cha sheria kilichoandikwa upya mwaka 1974. Kaya kama milioni 2.3 zinaitumia. Fedha zinatoka serikali kuu kupitia wizara ya nyumba, HUD, lakini kazi yenyewe iko mikononi mwa mamlaka za nyumba za miji na kaunti, zaidi ya 2,000. Wao ndio wanaopokea maombi, wanaokokotoa kipato, wanaokagua nyumba na wanaomlipa mwenye nyumba. Mpangaji kwa kawaida anachangia takriban asilimia 30 ya kipato chake baada ya makato yanayoruhusiwa, na vocha inabeba kinachobaki hadi kikomo kilichowekwa.

Dhana: fedha zinaliwa na wapangaji wanaoficha kipato

Wapo, hilo halina ubishi. HUD ina mfumo wa kompyuta unaolinganisha kipato alichokitaja mpangaji na taarifa za waajiri na za hifadhi ya jamii. Mfumo huo huo hutoa orodha ya wapangaji waliofariki ambao kodi zao bado zinalipwa. Ila ukikaa na majalada yenyewe utaona kwamba sehemu kubwa ya hoja inaanzia kwenye meza ya karani.

Chukua mama anayelipwa dola 1,200 kila baada ya wiki mbili. Mwaka una malipo 26 ya namna hiyo. Karani aliyezoea mishahara ya mara mbili kwa mwezi anazidisha kwa 24, anapata dola 28,800 badala ya 31,200. Tofauti ni dola 2,400. Asilimia 30 yake ni 720 kwa mwaka, yaani dola 60 kila mwezi ambazo programu inalipa pasipostahili. Mama hakudanganya chochote, salari slipu zake zote zimo ndani ya jalada. Mwaka unaofuata karani mwingine akizidisha sawasawa, kodi ya mama inapanda ghafla, na majirani wanaanza kusema alikuwa anaficha.

Hapa udhibiti unaotakiwa ni mtu wa pili kuchagua baadhi ya majalada na kuyapitia. Mkaguzi hatosheki na kuona fomu ya mapitio imejazwa. Anashika kikokotoo, anapiga hesabu upya mwenyewe, kisha anatazama kama yule mpitiaji naye aliliona kosa. Fomu ikiwa na saini na hesabu ikiwa imekosewa, udhibiti haukufanya kazi, karatasi ziwe nadhifu kiasi gani.

Na tusisahau: fedha ya vocha haipiti mkononi mwa mpangaji. Inakwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Kwa hiyo anayetaka kuiba kwa wingi humtengeneza mwenye nyumba hewa, jina tu lisilo na mtu.

Dhana: saini zikiwa nyingi, fedha ziko salama

Saini tatu za watu wasiosoma wanachosaini zina thamani ya saini moja. Siku hizi, tena, uamuzi haufanyiki kwenye karatasi, unafanyika ndani ya mfumo. Mkaguzi mzuri anaanza kwa kuomba orodha ya watumiaji na haki zao: nani anaweza kumsajili mwenye nyumba mpya, nani anaweza kubadilisha akaunti yake ya benki, nani anaweza kuruhusu malipo. Jina moja likionekana kwenye safu zote tatu, hana haja ya kwenda mbali.

Hatua inayofuata ni ya kuchosha lakini inalipa. Anachukua akaunti za benki za wenye nyumba wote na kuzilinganisha na akaunti zinazopokea mishahara ya watumishi. Analinganisha anwani pia, na namba za simu. Halafu anaomba kumbukumbu za mfumo zinazoonyesha saa ya kila idhini. Msimamizi aliyeidhinisha majalada 30 ndani ya dakika nne hakuyasoma. Idhini iliyotolewa kwa jina lake wakati yeye yuko likizo inaonyesha kwamba nywila yake imebaki kwa mtu mwingine, mara nyingi kwa nia njema kabisa, ili kazi isilale.

Ofisi ndogo hulalamika kwamba watumishi wao ni watatu tu, majukumu watayagawa vipi? Malalamiko ya haki. Hapo dawa ni kumtafuta mtu wa nje ya dawati, mjumbe wa bodi kwa mfano, awe anapokea taarifa ya benki moja kwa moja na kuikagua kabla haijafika kwa mhasibu. Haigharimu kitu, na bado utaikuta haifanyiki.

Dhana: malipo madogo hayana haja ya kusumbuana

Tarehe 6 Februari 2024 waendesha mashtaka wa serikali kuu waliwashtaki watumishi na waliokuwa watumishi 70 wa NYCHA, mamlaka ya nyumba ya Jiji la New York, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote Marekani. Haijawahi kutokea katika historia ya wizara ya sheria ya nchi hiyo siku moja yenye mashtaka mengi hivyo ya rushwa. Rushwa iliyotajwa ilizidi dola milioni 2, na kazi zilizotolewa kwa njia hiyo zilizidi dola milioni 13.

Kinachonivutia ni ukubwa wa kila kipande. Zilikuwa kazi za ukarabati za chini ya kikomo ambacho kwa kawaida kilikuwa dola 10,000, kazi zisizohitaji zabuni. Msimamizi wa mtaa wa nyumba alimchagua fundi anayemtaka. Kazi ikiisha, fundi hakulipwa mpaka mtumishi wa NYCHA athibitishe kwamba imefanyika vizuri. Kwa mujibu wa mashtaka, kilichodaiwa kwa kawaida kilikuwa kati ya dola 500 na 2,000 kwa kazi moja. Mambo haya yaligusa karibu theluthi moja ya mitaa ya nyumba za mamlaka hiyo.

Kikomo cha zabuni chenyewe si kibaya. Huwezi kutangaza zabuni kwa bomba lililopasuka. Ubovu ni kumpa mtu yule yule kuchagua na kuthibitisha. Mkaguzi anayetazama malipo makubwa tu kwa sababu ndiyo "yenye uzito" angepita juu ya haya yote. Ndiyo maana malipo madogo huyajumlisha kwanza: kwa fundi, kwa msimamizi, kwa mwezi. Kisha anayapanga kwa ukubwa na kutazama yaliyorundikana chini kidogo ya kikomo, dola 9,800, dola 9,950, fundi mmoja, wiki moja.

Dhana: hati safi maana yake udhibiti ni mzuri

Hati safi inasema hesabu zimeandaliwa kwa haki katika mambo yote muhimu. Basi. Miji na kaunti zinazotumia fedha nyingi za serikali kuu hufanyiwa pia ukaguzi wa pamoja wa fedha hizo. Kiwango cha kuingia kwenye ukaguzi huo kilikuwa matumizi ya dola 750,000 kwa mwaka, na kimepandishwa hadi milioni 1 kwa miaka ya fedha iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024 au baadaye. Humo mkaguzi anapima udhibiti wa programu kubwa na kutaja udhaifu alioukuta, lakini maoni rasmi anayotoa ni kuhusu kufuata masharti. Hatamki kwamba udhibiti unafanya kazi. Diwani anayepeperusha hati hiyo barazani kama ushahidi kwamba hakuna mianya hajaisoma, au ameisoma na anajua wenzake hawajaisoma.

Dhana: mtu angeiba, mkaguzi wa nje angemwona

ACFE, chama cha kimataifa cha wachunguzi wa ubadhirifu, katika ripoti yake ya 2024 kilionyesha kwamba asilimia 43 ya kesi kiliyozichambua ziligunduliwa kwa sababu mtu alitoa taarifa. Ukaguzi wa nje uligundua asilimia 3. Kwa hiyo namba ya simu ya kutoa taarifa, iliyobandikwa pale wapangaji na mafundi wanapoiona, nayo ni udhibiti, na mkaguzi anapaswa kuipigia aone kama inapokelewa.

Dhana: udhibiti unachelewesha msaada

Wakati wa Uviko-19 Bunge la Marekani lilitenga dola bilioni 25, kisha bilioni 21.55, kwa ajili ya msaada wa dharura wa kodi. Baadhi ya majimbo na miji iliwadai waombaji karatasi zilezile za siku za kawaida, watu wakakwama. Wizara ya fedha ya nchi hiyo ikaruhusu mwombaji asiye na nyaraka athibitishe hali yake kwa maandishi. Kuna waliosema huko ni kuacha mlango wazi. Sikubaliani nao. Ruhusa hiyo inahamisha udhibiti kutoka kabla ya malipo kwenda baada yake: ofisi inatafuta maombi mawili kwa anwani moja, inahakikisha kwenye daftari la ardhi kwamba aliyelipwa kama mwenye nyumba ndiye mwenyewe, inapitia sampuli upya. Kosa la kweli ni kulegeza mbele na kusahau nyuma. Na kuchelewa nako kulikuwa na gharama: sheria iliagiza fedha zilizokaa bila kutumika zichukuliwe na kupelekwa kwingine.

Dhana: nafasi kwenye orodha zinauzwa, bila hela hupati

Ni takriban kaya moja kati ya nne zinazostahili inayopata msaada wa kodi wa serikali kuu, kwa hiyo foleni ni ndefu na madalali hawakosi. Kuomba vocha ni bure. Anayekudai "ada ya kusogezwa mbele" ni tapeli, au ni mtumishi anayepaswa kuripotiwa. Mkaguzi hupima orodha kwa pande mbili. Anachukua waliopewa vocha na kurudi nyuma hadi namba zao za foleni. Kisha anachukua waliokuwa juu kwenye orodha na kuuliza kwa nini wamerukwa: barua walitumiwa lini, kwa anwani ipi, nani aliwaondoa. Upande huu wa pili ndio unaosahaulika, na ndio wenye wahanga.

Dhana: ripoti ikishatoka, kazi imeisha

Jibu la menejimenti linalosema "tumepokea ushauri, watumishi watapewa mafunzo" ni la kupita tu. Kanuni za ukaguzi wa fedha za serikali kuu zinadai mpango wa marekebisho wenye hatua itakayochukuliwa, jina la mhusika na tarehe inayotarajiwa. Hoja za nyuma nazo zinaorodheshwa tena mwaka unaofuata, kila moja na hali yake. Ripoti mpya ikikufikia, anzia kwenye orodha hiyo kabla ya kusoma maoni ya mkaguzi.