Toji sio stori ya kisasi jamani

Wiki hii tena mwanafunzi wangu kaniambia Toji, riwaya ndefu ya mwandishi wa Korea Park Kyong-ni, "si ile ya binti anayelipiza kisasi?", kaitoa kwenye tamthilia ya TV. Nimesikia hii mara nyingi mno, acha leo niandike.

Ndio, Seo-hui, binti mwenyewe, anadhulumiwa ardhi ya ukoo na ndugu wa mbali, Jo Jun-gu, anakimbilia Gando kule Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, na baadhi ya wanakijiji, anatajirika, anarudi, anachukua chake. Lakini riwaya ina sehemu 5 na ukifika ya 3 hayo yameshaisha! Sasa kama kisasi ndo stori, zilizobaki ni za nini? Ni za wale wahusika wengine zaidi ya 600, wakulima, watumwa wa zamani, wachinjaji ambao kila mtu anawadharau, kuanzia 1897 hadi 1945, Japani ikaja kuikalia Korea, na wengi wao hata hawana wa kumlipizia, wanataka walime wale basi. Na huyo Seo-hui mwenyewe, nyumba ikirudi mkononi anabaki mtupu, maana mumewe Gil-sang, aliyekuwa mtumishi kwenye nyumba hiyohiyo, hakurudi naye, kabaki Gando kwenye harakati za uhuru. Ushindi gani huo?

Halafu ile nyumba ya ukoo wa Seo-hui kwenye kijiji cha Pyeongsa-ri, watalii wanayopigia picha, ilijengwa baada ya kitabu, sio kinyume chake.

Park kazaliwa Tongyeong 1926, vita vya Korea vya 1950 vikamwacha mjane, kisha akafiwa na mtoto wake wa kiume. Alianza Toji 1969, akafanyiwa opasheni ya kansa ya titi 1971, akarudi mezani, 1980 akahamia Wonju akawa analima bustani na kuandika. Kafariki 2008, na tuzo yenye jina lake ilienda kwa Ngũgĩ wetu 2016.

Nakiri sehemu ya 4 inanichosha, wasomi wanabishana kurasa na kurasa. Na Seo-hui nimeshambadilishia mawazo mara kadhaa, kuna mwaka namwona shujaa, mwaka mwingine namwona mwenye shamba tu kama walivyokuwa wengine.

Ila mwisho haujawahi kunichosha. Agosti 15, 1945 habari inafika kwamba Japani imesalimu amri, Seo-hui anashika kichaka cha waridi mwitu chenye miiba, anahisi kama mnyororo wa chuma umemdondoka mwilini. Park alimaliza kuandika Agosti 15, 1994.