Kwa nini histamini, tuliyoizoea kwenye mzio, inatajwa kwenye ugonjwa wa Tourette?

Mtoto ameketi anasoma. Jicho la kushoto linapepesa mara tatu kwa nguvu, kisha bega linapanda kana kwamba kola ya shati inamwasha. Anasoma mstari mwingine, halafu anakohoa kikohozi kifupi, kikavu. Ukimwambia aache, ataacha kwa dakika moja au mbili, lakini ukimtazama usoni utaona jinsi anavyopambana. Wengi wenye hali hii huifananisha na chafya: mnyeo hujikusanya mahali fulani mwilini, hupanda, na hautulii mpaka uuachie. Ndiyo maana kumgombeza hakusaidii kitu.

Miendo na sauti hizo za ghafla zinazojirudia huitwa tiki. Mtu akiwa na tiki za viungo na za sauti pia, zikawa zilianza kabla hajatimiza miaka 18 na zimedumu zaidi ya mwaka, huambiwa ana ugonjwa wa Tourette. Jina hilo linatokana na Georges Gilles de la Tourette, daktari Mfaransa aliyeeleza habari za wagonjwa 9 mwaka 1885. Mara nyingi tiki huanza mtoto akiwa na miaka 4 hadi 6, hukolea kwenye miaka 10 hadi 12, kisha kwa wengi hupungua. Watu hudhani kila mwenye Tourette hutukana ovyo. Si kweli, wanaopatwa na hilo ni wachache.

Histamini nayo tunaijua kwa sura nyingine kabisa. Ndiyo inayofanya pua itiririke na macho yawashe vumbi la maua likimwingia mtu mwenye mzio. Sasa mbona inatajwa kwenye ugonjwa wa kupepesa macho na kupandisha mabega?

Habari hii ilishika kasi mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walipochapisha kisa cha familia moja. Baba alikuwa na Tourette, mama hakuwa nayo, na watoto wao wote wanane walikuwa nayo. Hebu tupige hesabu kidogo, maana hapo ndipo uzito wa kisa hiki unapoonekana. Ikiwa kasoro imo katika nakala moja tu ya jeni ya baba, kila mtoto ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi. Watoto wanane wote kuirithi ni bahati ya mara moja kati ya 256. Kwa familia ya namna hiyo, watafiti waliweza kutafuta kipande cha vinasaba ambacho baba alikuwa amempa kila mmoja wa watoto hao bila kumruka hata mmoja.

Walikipata kwenye kromosomu ya 15, katika jeni iitwayo HDC. Kasoro yenyewe ni ya herufi moja. Maandishi ya vinasaba husomwa herufi tatu tatu, na mahali palipostahili kuandikwa TGG, agizo la kuongeza asidi amino moja, yaani tofali moja la kujengea protini, paliandikwa TGA, ambayo maana yake ni "simama hapa". Kiwanda cha seli kikasimama katikati ya kazi. Protini inayotoka hapo ni nusu kipande, na kazi yake haiwezi.

Na kazi ya HDC ni nini? Ni kutengeneza kimeng'enya kinachogeuza histidini, asidi amino tunayoipata kwenye chakula, kuwa histamini. Mwili hauna njia nyingine ya maana ya kuitengeneza. Kwa hiyo kasoro ya familia ile iliharibu utengenezaji wa histamini, na hapo ndipo wengi wanapopotea njia: kisa kilichounganisha histamini na tiki kinahusu histamini kupungua, wala si kuzidi.

Ili jambo hili lieleweke, inabidi tutenganishe histamini mbili zenye jina moja. Ya kwanza ni ya mwilini, inayohifadhiwa na seli za kinga zilizo chini ya ngozi, puani na kwenye njia ya hewa. Ya pili ni ya ubongoni. Imo kwenye kundi dogo la seli za neva ndani ya haipothalamasi, chini katikati ya ubongo. Kwa binadamu zinakadiriwa kuwa kama 64,000, na ubongo mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Ni chache mno, ila nyuzi zake husambaa karibu ubongo wote na kutuma ishara za kutuweka macho. Ndiyo maana dawa za zamani za mzio, zinazopenya hadi ubongoni na kuzuia ishara hizo, humletea mtu usingizi. Histamini yenyewe iliyo kwenye damu haipenyi. Kuta za mishipa midogo ya damu ubongoni huizuia.

Sehemu mojawapo inayofikiwa na nyuzi hizo ni striatamu, fundo la ndani linalosaidia kuamua mwendo upi upite na upi uzuiwe. Hapo dopamini, kemikali nyingine inayopeleka ishara kati ya seli za neva, ina sauti kubwa. Tumejua kwa miongo mingi kwamba dawa zinazozuia dopamini, kama vile haloperidoli, hupunguza tiki. Swali likawa: je, histamini ikikosekana, dopamini inakosa wa kuituliza?

Kundi la Christopher Pittenger, hukohuko Yale, lilijibu sehemu ya swali hilo mwaka 2014 kwa kutumia panya waliozimwa jeni ya HDC. Dopamini katika striatamu ya panya hao ilikuwa juu kuliko kawaida. Watafiti walipowatilia histamini ubongoni, dopamini ilishuka. Walipopewa amfetamini, dawa inayochochea dopamini, walirudiarudia miendo ileile kuliko panya wa kawaida, na haloperidoli ikazuia hali hiyo. Watafiti hawakuishia kwa panya. Walipiga picha za ubongo za watu wenye kasoro ya familia ile, na humo pia wakaona dalili kwamba mfumo wa dopamini umebadilika. Kwangu mimi, hapa ndipo hoja inapopata nguvu: mnyama na binadamu, kila mmoja kwa njia yake, wanaelekeza upande mmoja.

Lakini isichukuliwe kwamba fumbo la Tourette limeteguliwa. Kasoro ile ya herufi moja ni nadra sana. Ilipotafutwa kwa wagonjwa wengine wengi, haikuonekana. Tafiti nyingine za vinasaba zimegusa jeni zinazohusiana na ishara za histamini, nazo zinaongeza uzito, ila wengi wenye Tourette wana mchanganyiko wa jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Familia ile ni tundu dogo la kuchungulia chumba kikubwa.

Mbona basi wazazi wengi husema tiki za mtoto huzidi msimu wa mzio? Uhusiano huo upo hata kwenye takwimu: tafiti kadhaa zimeona watoto wenye mzio wakiwa na tiki zaidi ya wenzao. Sababu inaweza kuwa nyingine, si histamini kuvuja kwenda kichwani. Mfumo wa kinga uliochafuka, kukosa usingizi kwa sababu ya pua iliyoziba, na uchovu, vyote vinaweza kuchochea tiki. Ndiyo maana ushauri wa kumnyima mtoto vyakula vyenye histamini ili kutibu tiki unanisikitisha. Histamini ya chakula huvunjwavunjwa kwa wingi tumboni, na hata ikipita, haifiki kwenye striatamu. Mtoto anabaki na sahani iliyopunguzwa na tiki zilezile.

Kuna mkanganyiko mwingine unaowachosha wengi. Mtoto anavuta pua na kusafisha koo kila baada ya muda mfupi, anapewa dawa za mzio miezi na miezi, na hakuna kinachobadilika. Huenda ni tiki. Mchunguze kwa karibu: mwenye mzio huwa na kamasi, macho mekundu, chafya mfululizo, na hawezi kujizuia kwa kuamua tu. Mwenye tiki huvuta pua kavu, anaweza kujizuia kidogo akiombwa, huzidiwa akiwa na wasiwasi au furaha nyingi, na usingizini hali hiyo hupungua sana. Baada ya wiki chache kuvuta pua kunaweza kuisha na kupepesa macho kukaanza. Andika unachokiona na tarehe zake, au mrekodi kwa simu, kisha umpelekee daktari, kwa kuwa ndani ya chumba cha daktari mtoto mara nyingi hutulia tuli kana kwamba hajawahi kuwa na tiki.