Mtoto kunyamaza akiulizwa suali si kwamba hajui

Ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu ya wazazi, eti mwalimu akiuliza suali na mtoto asojibu papo hapo basi huyo mzito, mwalimu amuendee mwengine. Sivyo jamani. Suali la kufikiri lataka muda, na utafiti uliofanywa Marekani miaka ya 1970 ulikuta walimu wengi wanasubiri kama sekunde 1 tu, wakisubiri 3 au zaidi majibu yanakuwa marefu na hata wale wanaoitwa wazito wanaanza kusema.

Jaribu mwenyewe, weka saa ya simu, muulize mwanao kwa nini karafuu tunaanika juani kabla ya kuuza, halafu nyamaza (hapo ndo pagumu). Wangu aliliangalia jamvi, akakuna kichwa, sekunde ya 5 ndo akasema "zikiwekwa mbichi si zitavunda?"

Watu wanachanganya suali la kufikiri na la kukariri, mana saba mara nane hujibiwa chap, imeshakaririwa, na sie skuli tulizoea kuitika "ndiyooo mwalimu" darasa zima, hata asojua kaitika.

Ukiupata ujumbe huo usiusambaze, ufute, na alokutumia mwambie kwa upole tu.